Kusasisha, Kuhuisha na Kuhama: Istilahi za Mfumo Endeshi na Watumiaji Wake



Tuichukue kwa mfano shule moja ya kubuni katika kata ya Ibaba, wilayani Ileje, mkoani Songwe. Mtoto wa huko huweza kuanza na Kindali au Kilambya nyumbani, akafundishwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha kwa Kiingereza sekondari. Ofisini mna kompyuta moja yenye Windows 10, mfumo ambao Microsoft ilisitisha huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Alama za mitihani zimo humo, na nywila ni moja, inayojulikana na wote. Mwalimu anayeitunza anataka kuhamia Windows 11 na kumfungulia kila mwenzake akaunti yake. Je, maagizo yake tumempa kwa maneno gani?

Hapa ndipo istilahi zetu zinapogongana. Wengine husema kusasisha, wengine kuhuisha, wengine kuboresha, na mara nyingi yote matatu hutajwa kwa jambo lolote lile. Kimofolojia hayana kasoro. Sasisha limeundwa kutokana na kielezi sasa, kama imarisha lilivyotokana na imara. Boresha limepokea -esha kwa sababu ya irabu o iliyotangulia. Lakini uhalali wa umbo hautoshi. Kupokea marekebisho madogo ya usalama ni jambo moja. Kutoka Windows 10 kwenda Windows 11 ni jambo jingine kabisa, linalodai kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4, hifadhi ya gigabaiti 64 na kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho mashine nyingi kuukuu hazina. Mwalimu aliyeambiwa "huisha" pasi na ufafanuzi aweza kubonyeza akidhani ni yale ya juzi na jana, kabla hajanakili alama mahali pengine. Mimi ningelibakiza sasisha kwa lile dogo, na kwa lile kubwa ningesema kuhamia toleo jipya. Ni refu, ila halimpotoshi mtu. Kuhuisha niwaachie washairi.

Kazi hii, bila shaka, haikuanza leo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Microsoft nayo ilitoa kiolesura cha Kiswahili cha Windows XP.

Katika akaunti lugha yetu imefanya vizuri zaidi. Msimamizi, kutokana na simamia, ni mwenye dhamana: ndiye afunguaye akaunti na kuweka programu. Mtumiaji, kwa kiambishi -aji, ni mwenye mazoea ya kutumia tu. Mwalimu wetu atakuwa na zote mbili, na kazi za kila siku atazifanya kwa ile ya pili. Tatizo ni mgeni. Windows XP ilikuwa na akaunti ya mgeni, yenye haki chache kuliko zote, ilhali kwetu mgeni ndiye apewaye kiti cha kwanza.

Na nywila? Ni fupi, inapendeza, ila humlazimu mwalimu kuuliza maana yake. Nenosiri hujieleza lenyewe kwamba halibandikwi ukutani. Katika mwongozo wowote uendao shuleni, ningependa hilo litangulie.