Dira ya Eropleni na Pia Yake

Jioni hii twataka kuwaeleza habari za dira itumiwayo katika eropleni ndogo, na jinsi rubani aonavyo njia yake akiwa ndani ya mawingu.

Kila mtu wa pwani aijua dira ya jahazi: sumaku ndani ya bakuli, isiyochoka kuelekea kaskazini. Mtu aweza kudhani kwamba dira hiyo yamtosha na rubani. Lakini jahazi hugeuka polepole, na eropleni hugeuka upesi huku imelala ubavu, na hapo ndipo sumaku inapopotezwa. Nguvu ya sumaku ya dunia hailali sawasawa na ardhi ila penye ikweta ya sumaku, ambayo upande huu wa Afrika hupita nchi ya Ethiopia. Kusini yake, kama tulivyo sisi, ncha ya kusini ya sumaku huvutwa chini. Rubani aendaye mashariki au magharibi akiongeza mwendo tu, bila kugeuka hata kidogo, dira humwonyesha kana kwamba amegeukia kusini. Wenzetu wa Ulaya huonyeshwa kaskazini!

Dawa ya kwanza iliyopatikana ni pia, ndiyo ile ichezewayo na watoto. Pia ikizunguka kwa kasi, mhimili wake hukataa kuinamishwa. Basi gurudumu dogo zito huzungushwa ndani ya pete, na eropleni ikigeuka, gurudumu hubaki lielekeapo. Tarehe 24 Septemba 1929, huko Mitchel Field karibu na New York, Jimmy Doolittle aliruka na kutua hali kiti chake kimefunikwa asione nje, akitazama vyombo tu, na miongoni mwavyo vilikuwamo vya pia vilivyotengenezwa na Sperry. Mwenzake aliketi kiti kingine kwa tahadhari.

Walakini pia haijui kaskazini ni wapi. Hushika upande iliowekwa, na hata huo huuacha kidogo kidogo. Dunia yenyewe yazunguka digrii 15 kila saa. Kwa sababu hiyo pia iliyo juu ya London hupotea zaidi ya digrii 11 kwa saa, na iliyo juu ya Unguja haifiki digrii 2. Lakini msuguano wa mhimili hauchagui nchi. Kwa hiyo ikawa desturi kwamba kila dakika 10 au 15 rubani huitazama dira ya sumaku, akairekebisha pia kwa mkono. Na mwenye kazi nyingi husahau.

Tuseme hivi: sumaku haisahau, lakini hutikisika; pia haitikisiki, lakini husahau. Mafundi wakaviunganisha viwili hivi. Katika chombo kiitwacho KCS 55A cha Bendix/King, ambacho kimetumika sana katika eropleni ndogo, kipimo cha sumaku huwekwa mbali katika bawa, ili chuma cha injini na nyaya za umeme zisikidanganye. Kipimo hicho hupeleka habari kwa umeme, na pia husukumwa taratibu mpaka ipatane nacho, mwendo wa digrii 3 hivi kwa dakika. Upole huo ndio akili yenyewe. Kipimo cha bawani nacho huyumba eropleni inapogeuka, lakini kuyumba kwa nusu dakika hakuwezi kuipotosha pia, hali upotevu wa saa nzima hurekebishwa wote.

Mbele ya rubani pana kisahani cha digrii kizungukacho, na katikati yake picha ndogo ya eropleni. Juu yake pana mshale wa njia aliyoichagua, na sehemu ya kati ya mshale huo husogea kando. Kituo cha simu ya upepo kiitwacho VOR kikisikika, kipande hicho huonyesha kama njia iko kuume au kushoto. Zamani rubani alitazama saa mbili, kisha akaziunganisha kichwani mwake. Hapa aiona picha moja.

Uzuri wa picha hiyo ndio hatari yake. Tulipata kuketi kando ya rubani mmoja, tukitoka Mombasa kwenda Unguja katika mawingu ya masika. Kibendera cha NAV kilikuwa bado kimetokeza, maana kituo kilikuwa hakijasikika. Kisahani kilikaa imara kabisa, nasi tukaridhika. Rubani akainua macho kwenye dira ya sumaku, akanyosha mwendo, akangoja itulie. Zilihitilafiana digrii 10! Swichi ndogo ilikuwa upande ulioandikwa FREE, yaani pia ilikuwa imeachwa peke yake bila kuongozwa, na tangu uwanjani hapana aliyeiangalia, wala sisi. Akabonyeza kifungo mpaka kisahani kikapatana na dira, kisha akairudisha swichi, akatazama kisindano cha kando kikicheza polepole huku na huku katikati, ambayo ndiyo dalili ya uzima wake.

Kutoka Mombasa hata mji wa Unguja ni kilomita 240 hivi. Digrii 10 upande wa kushoto, mwisho wa safari, ni zaidi ya kilomita 40 mashariki: mtu amekipita kisiwa chenyewe kwa nje, na mbele yake ni bahari tupu.

Tangu siku ile, tukipewa nafasi ya mbele, huitazama swichi hiyo kabla ya kufunga mkanda. Kisha huutazama uwanja: ulioandikwa 18 huelekea digrii 180 hivi, na kisahani hakina budi kusema hivyo hivyo kabla magurudumu hayajaanza kwenda mbio. Na umeme ukikatika, kibendera chekundu cha HDG hutokeza; hapo hubaki dira ile ya kale juu ya kioo cha mbele, isiyohitaji umeme wala pia, nayo husomwa eropleni ikiwa imenyoka na mwendo haubadiliki.