Mkia Juu, Mkia Chini: Paka wa Pumwani na Lugha ya Mwili Wake



Najua wapo waliocheka waliposikia kwamba mtu wa chuo kikuu anakuja Pumwani, Nairobi, kuhutubu juu ya mkia wa paka. Wana haki yao. Mtaa huu una mambo mazito zaidi: maji, kodi, hatimiliki, na moto unaorudi soko la Gikomba kila baada ya muda. Lakini kazi yangu ni kusoma tabia za wanyama, na nashikilia kwamba paka anaeleweka vizuri zaidi hapa Majengo kuliko Karen, mtaa wa matajiri. Paka wa Karen ana sahani yake, kiti chake na bustani yake. Hana wa kusema naye isipokuwa mwenye nyumba. Paka wa hapa anabanana na paka wenzake, watu, mikokoteni na harufu ya samaki. Hawezi kupita bila kujieleza, na sehemu kubwa ya maelezo hayo huyatoa kwa mkia.

Twendeni Gikomba, upande wa samaki, asubuhi kabla jua halijapanda. Mama ameketi kwenye kigoda, anapara samaki. Kando yake mgongo wazi, mifupa ya samaki iliyoondolewa minofu, unakaangwa kwenye karai. Anatokea paka jike wa mistari ya kijivu kati ya vibanda, mkia umesimama wima, ncha imepinda kidogo. Anaenda moja kwa moja kwa shume mzee aliyejilaza juu ya gunia, anamsugua ubavu kwa ubavu, anapita. Shume hainuki. Hatua chache kutoka hapo yuko mwingine, amekaa, macho hayabanduki kwenye kisu cha mama; mkia wake umelala chini, ila ncha inachezacheza kushoto na kulia. Wa nne yuko chini ya meza. Amejikunyata, mkia ameuzungushia mwili na kuubana, masikio yamelala ubavuni, na mboni zake ni pana na nyeusi ingawa kumekucha kabisa. Mama anatupa matumbo. Watatu wanakula, kila mmoja upande wake. Wa chini ya meza anangoja. Hakuna aliyepigana, hakuna aliyelia. Yote yalikwisha kupangwa kabla chakula hakijagusa ardhi.

Tuanze na yule wa mkia wima. Paka wa nyumbani anatokana na paka pori wa Afrika na Mashariki ya Kati, ambaye bado yuko katika nyika za Kenya. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha wazi ukoo huo. Paka pori ni mpweke. Anawinda peke yake na kula peke yake, na akikutana na mwenzake, kwa kawaida ni ugomvi au kupandana. Kisha binadamu akaanza kulima na kuweka nafaka ghalani. Panya wakaja, paka wakawafuata. Huko Saiprasi limefukuliwa kaburi la miaka ipatayo 9,500 iliyopita, mtu na paka wamezikwa karibu karibu. Mnyama mpweke akajikuta amesongamana na wenzake penye chakula kimoja, na meno na makucha ni yaleyale. Alihitaji ishara inayoonekana kwa mbali, ya kusema: nakuja kwa amani, usinirukie. Inaelekea aliitoa utotoni. Mtoto wa paka humwendea mama yake mkia juu. Paka wa nyumbani hakuiacha ishara hiyo alipokua.

Hayo yamepimwa. Mwaka 1997 mtafiti Charlotte Cameron-Beaumont wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, aliwaonyesha paka picha nyeusi za umbo la paka, nyingine mkia juu, nyingine mkia chini. Walipoiona ya mkia juu, waliinua mikia yao na kuiendea bila kusita. Kwa ile ya mkia chini hawakuwa na haraka. Mwaka 2009 Simona Cafazzo na Eugenia Natoli wakachapisha matokeo ya kufuatilia kundi la paka wa mitaani mjini Roma. Waliona kwamba mkia huinuliwa zaidi na paka wa daraja la chini kumwelekea wa daraja la juu. Wazee mnaonisikiliza mmekwisha elewa: ni shikamoo. Mdogo huanza, mkubwa hupokea. Shume wa juu ya gunia alipewa yake, akaridhika, hakuwa na haja ya kuinuka.

Sisi watu pia huamkiwa hivyo, na wengi hatujui kuitikia. Paka akikujia mkia juu, mara unamdaka na kumpakata kifuani. Hakuomba hayo. Inama, mpe ncha ya kidole ainuse, mwache ajisugue mwenyewe shavu na ubavu. Hapo anakupaka harufu yake.

Nirudi kidogo kwenye historia, maana msongamano wa Pumwani haukuja wenyewe. Tauni ilipozuka Nairobi mwaka 1902, soko la Wahindi lilichomwa moto. Tangu hapo hofu ya maradhi ikawa hoja iliyopendwa na serikali ya kikoloni kila ilipotaka kuwatenga watu kwa rangi. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Waafrika walioondolewa katika vijiji vya Nairobi kama Mombasa na Maskini walipewa viwanja hapa, wakajenga nyumba za Kiswahili: vyumba huku na huku, ukumbi katikati, uani nyuma. Wenye nyumba wengi walikuwa wanawake, kama alivyoandika mwanahistoria Luise White katika kitabu chake cha mwaka 1990. Nyumba ya namna hiyo haina paka wa fulani. Ina paka wa ploti. Anakula chumba cha kwanza, analala cha tatu, anazalia nyuma ya mabati uani, na kila mpangaji anamwita jina lake. Paka wa nyumba haingwa, wahenga walisema, na hapa kuna sababu nyingine: Waislamu wa mtaa huu wanaijua habari ya swahaba Abu Qatada aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya udhu ili anywe, na ile ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula hadi akafa.

Sasa ile ncha inayochezacheza. Hapa ndipo watoto wetu wanapoparuliwa. Mtoto amemwona mbwa akitikisa mkia, akaambiwa mbwa amefurahi. Anamwona paka akitikisa wake, anaendelea kumpapasa. Paka anayepigapiga mkia anasema moyo wake umepanda: amevutwa na kitu, au amechoshwa nacho. Ncha peke yake ikicheza, yuko makini, kama yule anayetazama kisu. Mkia mzima ukianza kuchapa chini huku na huku, amekereka. Tazameni basi na vingine: ngozi ya mgongo inatetemeka, masikio yanageuka nyuma, kichwa kinakigeukia kiganja kinachompapasa. Amekwisha onya mara kadhaa kabla hajauma. Sisi tuliokuwa tunapiga soga ndio husema paka huyu hana shukrani.

Na yule aliyeinua mgongo, manyoya yamesimama, mkia umefura, amesimama kiubavu na kufoka? Tunamwita mkali. Mjerumani Paul Leyhausen, aliyechora mikao ya paka kwa utaratibu katikati ya karne iliyopita, alionyesha kwamba ndani yake mna mambo mawili kwa pamoja, hasira na woga, na kila moja linaweza kupanda au kushuka peke yake. Mgongo wa upinde unatokea yote mawili yakiwa juu. Kwa maneno mengine, huyo ni mwoga aliyekosa njia. Mwachie mlango. Paka wa kuogopwa kweli ni yule aliyenyoosha miguu, mkia umeshuka kwa nyuma, mboni nyembamba, anakuja moja kwa moja bila kelele.

Kabla yake, Charles Darwin alikwisha linganisha mikao ya paka mwaka 1872 alipoandika juu ya namna binadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia. Alimweka paka wa vita, aliyejiinamisha na kuchapa mkia, mbele ya paka wa mapenzi, mgongo juu na mkia wima, akasema mkao wa pili ni kinyume tu cha wa kwanza. Kwa maoni yangu alitazama vizuri, ila maelezo yake ni nusu. Aliyemweleza ni paka anayejisugua kwa bwana wake. Angekaa kutwa penye samaki wengi na paka wengi, angeona kwamba mkia wima una wa kuupokea.

Sauti nitazipitia haraka. Paka wazima huliana "nyau" kwa nadra sana; nyau ni ya kwetu sisi watu. Kule kukoroma kwa chini kwa chini si furaha siku zote, maana paka aliyeumia hukoroma, na anayezaa pia. Na kwa macho, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex walichapisha mwaka 2020 kwamba mtu akimtazama paka na kufumba macho taratibu, paka naye huelekea kufumba yake, hata kwa mgeni. Jaribuni. Haigharimu kitu.

Kuna mkia mmoja ambao si lugha. Ukimwona paka ambaye mkia wake unaning'inia tu, hauinuki hata akiitwa kula, na manyoya ya nyuma yamelowa mkojo, usidhani amenuna. Huenda mkia ulivutwa kwa nguvu, au ulikanyagwa na bodaboda. Kwenye shina la mkia hupita neva za kibofu, na mkia ukivutwa sana neva hizo hukatika au kunyooka kupita kiasi. Watoto mlioketi mbele, hili ni lenu: paka aliyeburutwa kwa mkia anaweza kupoteza uwezo wa kukojoa, na asipotibiwa mapema hufa.

Jambo langu la mwisho ni kichaa. Tunakiita kichaa cha mbwa, lakini paka naye hukipata na kukipitisha. Dalili yake kubwa ni tabia kugeuka: paka mwoga wa miaka yote anakujia bila sababu, au mpole anashambulia bila onyo lolote la mkia. Ndiyo maana inafaa kuijua tabia yake ya kila siku. Ukiumwa au kuparuliwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Usingoje kuona kama paka atakufa.

Kenya imejiwekea mwaka 2030 kuwa mwisho wa vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa, na mkazo, kwa haki kabisa, uko kwa mbwa. Paka wa ploti hana mwenyewe, kwa hiyo hapelekwi chanjo na mtu. Lakini ploti inachangia pesa za taka na za taa ya ukumbini. Inaweza kuchangia sindano moja kwa mwaka kwa kila paka wake, kuanzia akiwa na miezi mitatu. Mshikeni asubuhi kabla hajala, saa ile anapowaendea mkia juu, na atiwe katoni iliyotobolewa matundu, yenye kitambaa anacholalia. Akianza kuchapa mkia, mwacheni. Mtajaribu tena kesho.