Mshipa Umefunguka, Mbona Moyo Bado Umeumia?
Hotuba ya daktari kwa wakazi na wahudumu wa afya ya jamii

Leo nataka kujibu swali ambalo jamaa za wagonjwa hutuuliza wodini: “Daktari, mlisema mshipa umefunguka. Mbona moyo bado umeharibika?”

Ni swali la haki. Mshtuko wa moyo hutokea damu iliyoganda inapoziba mshipa unaolisha moyo. Misuli iliyokosa oksijeni huanza kufa baada ya nusu saa hivi. Sisi huufungua mshipa huo kwa sindano ya kuyeyusha damu iliyoganda, au kwa mrija wenye puto unaopitishwa mkononi au pajani. Lakini kurudi kwa damu nako huumiza. Mkulima wa mfereji ananielewa: ukifungulia maji ghafla kwenye shamba lililokauka, hayalainishi udongo tu, mengine huubeba.

Hapo ndipo inapoingia hewa iitwayo naitriki oksaidi. Ngozi laini ya ndani ya mishipa yetu huitengeneza yenyewe, nayo huisha kwa sekunde chache tu. Kazi yake ni kulegeza mshipa ili damu ipite, na kuzuia damu isigande ovyo. Wamarekani watatu, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa uvumbuzi wao kuihusu. Kidonge cha naitrogliserini kinachowekwa chini ya ulimi hufanya kazi kupitia hewa hiyo hiyo.

Sasa, oksijeni inaporudi kwa kishindo, seli zilizodhoofika hushindwa kuitumia vizuri, na sehemu yake hugeuka kuwa kali. Oksijeni hiyo kali huidaka naitriki oksaidi, na zikiungana huzaa sumu iitwayo peroksinaitraiti, inayoharibu utando wa seli na vinu vyake vya nguvu. Hasara ni mbili: mlinzi ametoweka, na adui amekaa mahali pake. Mishipa midogo hujibana, hata damu ikakosa kufika kwenye misuli ingawa mshipa mkubwa uko wazi.

Mtu atauliza, kwa nini basi msimwongezee mgonjwa hewa hiyo? Limejaribiwa. Kwa wanyama wa maabara, kiasi kidogo mara nyingi kililinda moyo, na kikizidi kiliweza kuudhuru. Kwa binadamu, utafiti wa wagonjwa 250, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2018, haukuonyesha kwamba kuvuta hewa hiyo kulipunguza sehemu ya moyo iliyokufa. Kwa hivyo anayekuuzia unga wa “kuongeza naitriki oksaidi” eti utatibu mshtuko wa moyo, mimi nisingempa hata shilingi.

Kinachookoa misuli ni muda. Na nitasema bila kuficha: wengi hutufikia wamechelewa. Maumivu yalianza saa mbili usiku, yakaitwa vidonda vya tumbo, mgonjwa akanyweshwa maziwa, watu wakasubiri matatu ya alfajiri. Kifua kikibana na maumivu yakielekea mkononi au kwenye taya, ukitokwa na jasho baridi au kukosa pumzi, usingoje kuche. Wenye kisukari, na baadhi ya wanawake, huenda wakahisi uchovu na kichefuchefu tu.

Ukifika, mwambie muuguzi saa ambayo maumivu yalianza, maana ile sindano ya kuyeyusha kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 12, na mapema ni bora zaidi. Nanyi wanaume, kama mmemeza dawa ya nguvu za kiume siku hiyo au siku mbili zilizotangulia, semeni. Dawa hiyo na naitrogliserini hupitia njia moja ya naitriki oksaidi, na zikikutana, presha inaweza kuporomoka hadi kuua. Kama mke amesimama hapo na unaona haya, mwombe muuguzi msogee kando. Sisi tumeshayasikia yote.