Moyo wa Mwalimu

Hotuba ya mwalimu mmoja siku ya kumbukumbu ya mafuriko



Mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2020, maji yalichukua nyumba pamoja na madaftari. Shule zilikwisha fungwa kwa sababu ya korona, na madarasa yote yalifunguliwa Januari 2022. Watoto wengi walirudi wamevunjika moyo.

Miongoni mwao alikuwa kijana kutoka ng'ambo ya Mpondwe, upande wa Kongo. Alikaa kimya wiki nzima, nami nikamdhania mzito wa akili. Siku moja nikamwuliza hesabu kwa Kikonzo. Alijibu upesi kwa Kinande chake, maana lugha hizi ni ndugu. Kumbe mzito nilikuwa mimi!

Basi, walimu wenzangu, tuwe na subira na unyenyekevu. Tumjue kila mtoto kwa jina, tusimwaibishe mbele ya wenzake, na tufike mapema hata mvua ikinyesha.

Wafadhili, vitabu tunaviomba kwenu. Lakini moyo wa mwalimu hauletwi na lori.