Kitabu na Sinema katika Darasa la Kiingereza
(Hotuba iliyosomwa Kigwena mbele ya wanachama na wageni)

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baad. Mheshimiwa Mwenyekiti, mashekhe, wazee wangu, akina mama, na nyinyi vijana mliokaa nyuma: nimeamrishwa niseme juu ya jambo linalowatia wazazi wasiwasi. Tangu nchi yetu ilipoingia Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka 2007, na hasa tangu Kiingereza kilipofanywa lugha rasmi mwaka 2014 pamoja na Kirundi na Kifaransa, watoto wetu wa sekondari wanakitaka Kiingereza kwa pupa. Nao wakizidi kukisoma hukutana na hadithi, na michezo ya kuigiza, na pengine sinema. Baba akiuliza, "Leo mmesoma nini?" huambiwa, "Tumetazama picha." Basi hukunja uso akasema: Fedha ya mawese na ndagala nimeitoa, kumbe mwanangu anatazama picha!

Khilafu ya wanazuoni juu ya picha siiingii hapa. Mahali pake ni darasani kwetu baada ya Alasiri. Nitatoa mfano mmoja tu, mpate kupima wenyewe.

Shakespeare, mtungaji wa Uingereza, alitunga mnamo mwaka 1599 mchezo juu ya Julius Caesar, mtawala wa Rumi aliyeuawa mwaka 44 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Mwalimu Julius Nyerere, aliyepata kusomesha Tabora na Pugu kabla ya kushika siasa, aliufasiri kwa Kiswahili ukapigwa chapa mwaka 1963; kisha akaurudia kuutengeneza, ukatoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mtu mwenye nchi nzima mabegani hakuona kuwa kazi hiyo ni upuuzi. Na mwaka 1953 Wamarekani walikwisha ufanya sinema chini ya uongozi wa Joseph Mankiewicz, naye Marlon Brando akawa ndiye Mark Antony.

Sasa sikilizeni. Caesar amekwisha uawa. Brutus, mmoja wa wauaji, anawahutubia watu, nao wanamshangilia. Anampa Antony ruhusa ya kusema maziko, kisha, kwa kujiamini kulikopita kiasi, anaondoka. Antony anaanza kwa upole; anamsifu Brutus, na kila akimsifu sifa inageuka shutuma. Anawaonyesha joho lililotobolewa kwa majambia. Anawasomea wasia kwamba kila raia ameachiwa drakma 75 (ndilo neno ambalo kwetu limekuwa dirhamu). Wale wale waliomshangilia Brutus wanakwenda kuchoma nyumba. Sisi tunaopanda mimbari tungepaswa kuyasoma maneno yale mara kwa mara, kwa hofu.

Baada ya hapo, katika kitabu, huja onyesho fupi. Anapita njiani mshairi aitwaye Cinna, anakwenda mazikoni. Kundi linamzunguka, linamwuliza jina lake, na aendako, na akaapo, na kama ana mke. Anajibu kweli. Lakini mmoja wa wauaji naye aliitwa Cinna. Maskini anapiga kelele kwamba yeye ni mshairi, si yule, hawamsikilizi, wanamrarua.

Ndugu zangu, sisi wa mwambao huu hatuna haja ya kufasiriwa sana. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi uliwaka hapa Rumonge na Nyanza-Lac, watu wakauawa. Kisha yakafuata mauaji makubwa zaidi ya dola ya wakati ule katika nchi nzima, na wengi wa kwetu wakavuka kwenda Tanzania. Wazee walioko hapa wanajua maana ya mtu kuulizwa jina lake, na ametoka wapi, na jibu la kweli lisimfae.

Basi jambo la ajabu ni hili: katika sinema ile ya mwaka 1953 mshairi Cinna hayumo. Onyesho lake liliondolewa. Mtazamaji anatoka na sauti nzuri ya Brando masikioni, wala hakuuona mwili wa aliyeponzwa na sauti ile. Mwalimu hodari huwapa wanafunzi vyote viwili, akawauliza: Kimepunguzwa nini? Nani amepunguza? Kwa kupunguza huko, sisi tumefanywa tumpende nani? Kijana aliyezoea maswali hayo atayauliza pia juu ya redio, na juu ya picha zinazopita katika simu yake usiku kucha, na juu ya hotuba zetu sisi mashekhe. Nami sioni vibaya aniulize.

Simtetei mwalimu anayefungua sinema ili apumzike, naye yuko. Baba ana haki ya kwenda skuli kuuliza ni sinema gani, na ina kitabu gani. Lakini kumtoa mtoto darasani kabla ya kuuliza ni kuhukumu bila shahidi.

Naiomba Jumuiya inunue nakala chache za tafsiri ya Mwalimu Nyerere, ili wazazi wasiojua Kiingereza wasome pamoja na watoto wao. Vijana wanne wamekubali kutusomea onyesho lile la Cinna kwa Kiswahili, hapa hapa, baada ya chakula. Akina mama wametandikiwa mikeka ya mbele.

Wassalaamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.