Kutambua Asili na Umri wa Panga za Kale za Himalaya: Tatizo la Kadi Yenye Tarehe Moja

Maana ya bapa, mpini na ala inafahamika kwa washiriki wote, na maumbo ya kawaida nayo hayahitaji kurasa nyingi: upanga wa Tibet aghalabu ni mnyoofu wenye makali upande mmoja, khukuri ya Nepal imepinda kwa ndani, upanga uitwao kora hupanuka kuelekea ncha. Hayo hata mgeni huyatofautisha. Ugumu huanza pale kadi ya kumbukumbu ya makumbusho inapoandikwa “Tibet, karne ya 18”, kana kwamba kitu kizima kilitoka mkononi mwa fundi mmoja siku moja. Si nia ya mada hii kulaumu idara yoyote, lakini kadi za namna hiyo zimerudufiwa mno.

Upanga wa Himalaya mara nyingi ni vitu vitatu vilivyokutanishwa. Bapa la chuma hudumu. Ala ya mbao na ngozi huchakaa, na mmiliki mwenye uwezo humpelekea mfua fedha aivike upya kwa marijani na feruzi. Lhasa kwenyewe, deraya za kale ziliendelea kuvaliwa katika Sherehe Kuu ya Maombi hadi katikati ya karne ya 20; kilichokuwa cha kale kilikuwa bado kazini, na cha kazini hukarabatiwa. Wapo watakaosema bapa ndilo upanga, basi tulipe bapa tarehe yake yatosha. Tarehe ipi? Mabapa bora ya Tibet yalifuliwa kwa tabaka za chuma laini na kigumu, zikaacha mistari inayokunjana karibu na ncha kama kibanio cha nywele. Mbinu hiyo ilirithishwa kwa vizazi vingi, kwa hiyo mistari inatuambia ufundi, haituambii karne. Tena wauzaji huisugua mpaka ifutike (hasara isiyorudishika).

Wengine huweka tumaini lote katika kipimo cha kaboni 14. Kipimo ni kizuri kwa vitu vikongwe. Lakini kwa mbao au ngozi ya tangu katikati ya karne ya 17, tokeo moja huangukia vipindi kadhaa vinavyowezekana. Isitoshe, hupima umri wa mti au mnyama, si siku ala ilipofungwa. Asili nayo ina mtego wake: nakshi za Derge, katika Kham, mashariki mwa Tibet, zilisifika na kusafiri, na upanga ulionunuliwa Kathmandu au uliochukuliwa na msafara wa kijeshi wa Waingereza ulioingia Tibet chini ya Younghusband, 1903–1904, unatuambia mahali ulipopatikana tu, si ulipofuliwa.

Inapendekezwa, basi, kadi iwe na nafasi tatu za umri: bapa, mpini, ala. Inapendekezwa pia nafasi tatu za asili, na nyingine ya mahali pa kupatikana, isichanganywe na hizo. Bapa lisisuguliwe kabla ya kupigwa picha. Mpini usifunguliwe bila mhifadhi kuwapo. Kipimo cha kaboni kiombwe pale tu jibu lake litakapobadilisha kadi, kwani hukata kipande cha kitu chenyewe. Neno “labda” liruhusiwe kwenye kadi. Na, kwa kurudia kwa makusudi, umri wa ala usiandikwe mahali pa umri wa bapa, hata kama fomu ya sasa ina mstari mmoja. Fomu ndiyo ibadilishwe.