Antena za Redio ya Ridhaa na Sura ya Mtaa

Watumishi wa Serikali na wananchi wote wanaarifiwa kwamba hotuba ifuatayo, iliyotolewa na mtumishi mstaafu wa mawasiliano kutoka Unguja mbele ya watumishi na wakazi wa Wilaya za Nachingwea na Ruangwa, Mkoa wa Lindi, inachapishwa hapa kwa ukamilifu kwa manufaa ya wasomaji wa visiwani.

Ndugu Mwenyekiti,
Waheshimiwa Madiwani,
Wazee wetu, Ndugu Watumishi na Ndugu Wananchi,



Awali ya yote napenda kutoa shukrani zangu kwa kualikwa. Nimetoka kisiwani, zaidi ya kilomita 400 kwa mstari ulionyooka, kuja kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa macho ni dogo, nalo ni waya unaotundikwa juu ya nyumba. Nimeombwa nieleze mtu mwenye leseni ya redio ya ridhaa afanyeje anapotaka kuweka antena katika mtaa ambao wakazi wake, au mamlaka yake, wanajali sura ya majengo. Nitaeleza kwa kadiri ya uzoefu wangu.

Redio ya ridhaa si kituo cha matangazo, wala si redio ya biashara. Ni mawasiliano ya watu binafsi waliopata leseni, wanaozungumza wao kwa wao katika masafa waliyotengewa kimataifa, kwa ajili ya kujifunza na kuhudumia jamii, bila malipo. Kwa upande wetu, leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, na alama ya kuitia ya kila mwenye leseni huanza na 5H. Wengi wenu mnaifahamu redio ya upepo iliyokuwa ikitumika katika hospitali, misheni na ofisi za wilaya kabla ya simu za mkononi. Ufundi wake ni ule ule.

Ndugu Wananchi, mtu anaweza kuuliza: simu za mkononi zipo, redio hii ya nini tena? Naomba tukumbuke mwaka 2024. Tarehe 4 Mei Kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu katika eneo la Mafia, na mvua zake zikaikata barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi katika sehemu za Kilwa. Magari yalikwama kwa siku kadhaa. Tarehe 12 ya mwezi huo huo nyaya za mawasiliano zinazopita chini ya bahari zikapata hitilafu, na huduma ya intaneti ikadorora nchini kote. Wazee wa mkoa huu wanajua pia habari za kimbunga kilichoipiga Lindi Aprili 1952. Na sisi wa Unguja tulikaa bila umeme wa gridi kwa takriban mwezi mzima mwaka 2008, kisha kwa muda wa miezi mitatu kuanzia Desemba 2009. Katika siku za namna hiyo, mtu mwenye betri ya gari, redio moja na mita 20 za waya anaweza kupeleka taarifa ya mgonjwa au ya daraja lililobomoka, wakati kila njia nyingine imenyamaza.

Kwa hiyo tunapobishana juu ya antena ya jirani, tusidhani tunabishana juu ya mchezo wa mtu mmoja tu. Vile vile mwenye antena asidhani kwamba manufaa hayo yanampa ruhusa ya kuusumbua mtaa mzima. Pande zote mbili zina haki, nami nitazungumzia zote mbili.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa kijana niliishi katika Mji Mkongwe wa Zanzibar. Nilinunua bomba la chuma, nikalisimamisha juu ya dari bila kumwuliza mtu yeyote. Baada ya siku chache, mama mmoja jirani, aliyekuwa akianika karafuu na nguo zake juu ya dari ya pili, alikuja mlangoni akaniambia: "Mwanangu, hilo bomba lako likianguka litaanguka kwangu, si kwako." Sikuwa na la kujibu. Nililipima bomba, nikapima na umbali wa dari yake, nikaona amesema kweli. Niliteremsha bomba siku ile ile. Badala yake nilipitisha waya mwembamba wa rangi ya chokaa kando ya ukuta wa dari, na nikaendelea kuzungumza na ulimwengu. Yule mama alidhani nimeacha redio kabisa.

Mji Mkongwe una mamlaka yake ya hifadhi na uendelezaji tangu mwaka 1985, na mwaka 2000 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mwenye nyumba huko hana uhuru wa kubadili mlango, dirisha, paa wala kusimamisha kitu juu yake bila kibali. Wapo wanaonung'unika. Lakini mji ule ukijaa masahani na milingoti utapoteza sura iliyouleta katika orodha hiyo, na riziki za watu wengi zimefungamana na sura hiyo. Mkoa wenu wa Lindi nao una urithi wa namna hiyo: magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo katika orodha hiyo tangu mwaka 1981.

Nachingwea na Ruangwa hazimo katika orodha hiyo, lakini zina historia na zina mipango yake. Mji wa Nachingwea ulikua kwa mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika mwaka 1951, ukaacha mashamba, njia na hadithi ya reli ya kutoka Mtwara iliyokuja kung'olewa. Baadaye mahali hapa pakawa kambi ya wapigania uhuru wa FRELIMO hadi Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975. Ruangwa nayo, tangu ilipotengwa na Nachingwea mwaka 1995 na kuwa wilaya, imepimwa viwanja na kuota majengo mapya. Penye viwanja vilivyopimwa pana masharti ya ujenzi, na chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 mamlaka ya upangaji ina neno juu ya kinachosimamishwa.

Yako pia mambo yasiyoandikwa katika sheria yoyote. Mwaka 1960 Marekani ilianza kujenga Unguja, huko Tunguu, kituo cha kufuatilia vyombo vya anga vya mpango wa Mercury. Kilikuwa kituo cha antena tu. Lakini wananchi wengi waliona milingoti bila kuridhishwa na maelezo, wakaamini kwamba ni kituo cha makombora, na jambo hilo likawa ajenda ya siasa. Kituo kilifungwa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Somo nililolipata ni kwamba antena isiyoelezwa huelezwa na wengine. Na katika wilaya hizi, ambako wananchi waliishi kwa miaka mingi karibu na kambi za ukombozi na wakafundishwa kuwa macho, mtu asishangae jirani akiuliza: "Huyu anazungumza na nani usiku?" Swali hilo ni halali. Jibu lake ni leseni iliyobandikwa ukutani na mlango ulio wazi.

Ndugu Watumishi, wenzetu wa nchi nyingine wamelikabili jambo hili pia. Nchini Marekani, mwaka 1985 tume ya mawasiliano ya nchi hiyo iliamua kwamba serikali za mitaa zisipige marufuku antena za ridhaa moja kwa moja, bali ziwape wenye leseni nafasi ya kadiri, huku zikilinda usalama na sura ya mji. Hata hivyo uamuzi huo haukugusa mikataba ya binafsi baina ya wenye nyumba, na hadi leo wengi wa huko huficha nyaya zao kwenye miti na milingoti ya bendera. Hekima ya uamuzi ule ni hiyo ya katikati: asikatazwe kabisa, wala asiachiwe kabisa.

Sasa niingie katika ufundi, kwa kuwa ugomvi mwingi huisha pale watu wanapojua kwamba mnara mrefu si lazima.

Kwa mawasiliano ya ndani ya nchi, kutoka Ruangwa hadi Lindi, Dar es Salaam au Unguja, antena bora haiko juu sana. Waya ukitundikwa mita nne hadi sita tu kutoka ardhini hupeleka mawimbi juu karibu wima. Tabaka la juu la anga huyarudisha chini, yakaenea kilomita mia kadhaa pande zote, bila kuzuiwa na vilima. Mchana hutumika masafa ya megahezi 7, na usiku yale ya 3.5. Urefu wa waya hupatikana kwa kugawa 143 kwa masafa. Kwa megahezi 7.1 jibu ni mita 20 na kidogo, yaani mita 10 kila upande wa katikati. Waya kama huo huingia baina ya miembe miwili, au kutoka pembe ya nyumba hadi kwenye mkorosho, na mpita njia hauoni. Mlingoti mrefu huhitajika zaidi na yule anayetaka kuzungumza na mabara ya mbali. Huyo ndiye anayepaswa kutafuta kiwanja kikubwa au shamba, si kuulazimisha mtaa uliobanana.

Natoa tahadhari moja ya mazingira yetu. Vitabu vya Ulaya hushauri kuficha antena ndani ya dari, chini ya vigae. Sisi tunaezeka mabati. Mabati huzuia mawimbi, na antena iliyo chini yake haitasikika. Heri kupitisha waya nje, chini ya ukingo wa paa, umbali wa kutosha kutoka kwenye bati, au kuuingiza ndani ya mwanzi uliosimamishwa uani. Mwanzi wa mita tano na kidogo, wenye waya ndani yake na nyaya nyingine kadhaa zilizotandazwa ardhini, unatosha kabisa kwa megahezi 14, na machoni mwa watu ni mlingoti wa bendera.

Kwa muhtasari, naomba mwenye kutaka kusimamisha antena azingatie yafuatayo:

(a) Apate leseni kwanza, kisha aende kwa mamlaka ya upangaji akiwa na mchoro wa kiwanja, urefu wa mlingoti na mahali utakaposimama. Akiwa mpangaji, apate idhini ya mwenye nyumba kwa maandishi.

(b) Apime ili mlingoti ukianguka upande wowote usifike kwenye nyaya za umeme, nyumba ya jirani wala njia ya watu. Hili halina mjadala, kwa sababu limekwisha kuua watu duniani.

(c) Penye kiwanja cha ndege jirani, kama mjini Nachingwea, mlingoti mrefu usisimamishwe kabla ya kuwauliza wahusika wa usafiri wa anga.

(d) Atie nondo ya kuelekezea umeme ardhini, na majira ya mvua za radi aichomoe antena kabla mawingu hayajafika. Asisubiri ngurumo.

(e) Waya uliofungwa kwenye mti uachwe na ulegevu, au ufungwe kwa kamba yenye jiwe upande mmoja, kwa maana mti huyumba na waya uliokazwa hukatika.

(f) Atumie waya wa rangi ya kijivu au kahawia, ajiepushe na vyuma vinavyong'ara, na auweke mahali ambapo watoto hawataugusa wakati wa kurusha.

(g) Awaarifu majirani kabla ya kuanza. Jirani akilalamika kwamba televisheni yake inakwaruza, aandike saa na masafa aliyotumia, wafanye majaribio pamoja, na apunguze nguvu mpaka sababu ijulikane.

Kwa upande wa viongozi wa mitaa na maofisa, nawaomba mambo mawili. Kwanza, ombi lijibiwe kwa maandishi na kwa sababu. Kusema "hairuhusiwi" bila kusema kifungu gani kunawafanya watu waache kuomba, na asiyeomba hujenga usiku. Pili, kamati za maafa za wilaya ziwajue wenye leseni waliomo katika maeneo yao, wakoje, na antena zao ziko wapi. Ni kazi ya daftari moja na kalamu moja. Tukisubiri kimbunga kije ndipo tuulize nani ana redio, tutakuwa tumechelewa.

Ndugu Mwenyekiti, yule mama jirani yangu amekwisha kutangulia mbele ya haki. Katika siku zile tulizokosa umeme mwaka 2008, mwanawe alikuwa Pemba, na simu zilikuwa zinazima kwa kukosa mahali pa kuchajia. Alikuja mlangoni kwangu kama siku ya kwanza, akauliza kwa upole kama lile bomba langu bado lipo. Nilimwambia bomba halipo, lakini waya upo. Mwenzangu wa Pemba alimtafuta kijana, na jioni yule mama akapata salamu za mwanawe. Alitazama juu ya dari kwa muda mrefu, asiuone waya. Kisha akasema: "Basi uache hapo hapo."

Ndugu Wananchi, hilo ndilo ninalowaombea na ninyi.